Volkano ya Hollywood mbele ya watu wa Goma

Filamu yenyewe ni Dante's Peak ya mwaka 1997, iliyoongozwa na Roger Donaldson. Ilionyeshwa katika kibanda cha video mjini Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, na wengi waliolipa mlangoni jioni hiyo walikuwa Wakongo waliovuka mpaka wa Bunagana kwa nyakati mbalimbali, wengine kwa vita, wengine kwa biashara. Wengi wao ni watu wa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo. Yaani filamu ya kawaida kabisa ya majanga, kuhusu mlima unaolipuka juu ya mji mdogo, ilitazamwa na watu ambao mlima umekwisha kulipuka juu ya mji wao. Nakiandika kisa hiki kwa sababu filamu za aina hii kwa kawaida huhukumiwa na watu wa aina mbili, wanasayansi na wapenzi wa sinema, na ni nadra kusikia neno la yule aliyekimbia na godoro kichwani.

Kwa wasioijua, hadithi ni hii. Kuna mji wa kubuni chini ya mlima mmoja wa safu ya Cascade, jimbo la Washington, Marekani. Mtaalamu wa volkano, Harry Dalton, anayeigizwa na Pierce Brosnan, anatumwa kuukagua mlima. Miaka michache kabla alimpoteza mchumba wake katika mlipuko huko Colombia, kwa hiyo anaingia mjini tayari na jeraha lake, kama wanavyoingia mashujaa wote wa filamu hizi. Meya wa mji ni Rachel Wando, anayeigizwa na Linda Hamilton. Ana mkahawa, ana watoto wawili, na ana mama mkwe wa zamani, bibi Ruth, anayeishi peke yake huko juu kando ya ziwa. Mji umetoka tu kupewa tuzo ya mahali pazuri pa kuishi, na kuna mwekezaji anayekaribia kuingiza fedha zake. Harry anaona miti iliyokauka, anakuta watu wawili wamechemka hadi kufa ndani ya chemchemi ya maji moto, na anataka wananchi waambiwe. Bosi wake, Paul Dreyfus, anafika na kumzuia.

Sehemu iliyobaki unaweza kuimalizia mwenyewe bila kuitazama, na hiyo ndiyo maana ninaiita filamu ya wastani. Haina aibu kufuata njia iliyokwisha kanyagwa. Mwaka huohuo wa 1997 ilitoka nyingine ya volkano, ile inayochoma Los Angeles, na zote mbili zimejengwa kwa matofali yaleyale.

Kuhusu kibanda chenyewe sina mengi: mabenchi, pazia jeusi mlangoni, skrini bapa, spika mbili kubwa kuliko mahitaji. Fedha ya pale inatoka kwenye mpira wa Uingereza, na filamu ni za kujazia siku zisizo na mechi. Nakala iliyokuwa kwenye flashi ilikuwa imetafsiriwa Kiganda na VJ mmoja wa Kampala, yaani msimulizi anayeweka sauti yake juu ya filamu, kama zilivyo filamu nyingi zinazozunguka nchini. Lakini Kiganda hakifiki mbali Kisoro, watu huko wanazungumza Kifumbira, na wageni wa jioni ile walikuwa watu wa Kiswahili cha Kongo. Mwenye kibanda akapunguza sauti, akampa kijana mmoja maikrofoni. Kijana alitafsiri vizuri tu, isipokuwa kila Harry na Rachel walipoanza kutazamana kimapenzi alisema, "Hapa wanapendana, tungojeni," kisha akanyamaza mpaka wamalize. Nadhani filamu ilifaidika.

Nilitarajia watu wachangamke moto ukianza. Mambo yalikwenda kinyume. Karibu nusu nzima ya mwanzo, ile ambayo mkosoaji wa mjini angesema inachelewa, ndiyo iliyowanyamazisha. Hakuna kinacholipuka humo. Kuna mikutano, vipimo, mtu anatazama mshale wa mtambo ukichora mistari. Kuna Harry anayesema tuwatahadharishe watu, na Paul anayesema hatuna ushahidi wa kutosha, tukikosea mji huu utakufa njaa. Paul alipomaliza hoja yake, mzee mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Bakubwa njo vile beko," yaani wakubwa ndivyo walivyo. Hakuna aliyecheka.

Paul si mjinga, na huo ndio uzuri wa filamu hii ambao wengi hawaupi haki yake. Anatoa mfano wa Mammoth, huko California, ambako tahadhari ilitolewa na mlima ukakaa kimya. Jambo hilo lilitokea kweli. Mwaka 1982 idara ya jiolojia ya Marekani ilitangaza hatari katika eneo la Long Valley, ambamo Mammoth imo. Bei za nyumba zikaporomoka, wafanyabiashara wakakasirika, volkano haikulipuka. Barabara iliyojengwa ili watu wapate pa kukimbilia ikapewa jina linaloifanya ionekane ni ya kutazamia mandhari, ili wageni wasiogope. Ukishalijua hilo, Paul hakai tena kama adui wa hadithi. Ni ofisa aliyewahi kuona gharama ya kutabiri kitu ambacho hakikuja.

Upande wa pili wa mizani upo pia, na filamu inaugusa kwa kuanzia Colombia bila kuutaja. Tarehe 13 Novemba 1985 mlima Nevado del Ruiz uliyeyusha barafu ya kilele chake, tope likashuka usiku na kuufunika mji wa Armero. Walikufa watu wapatao 23,000. Ramani ya hatari ilikuwa imeshatolewa mwezi mmoja kabla, na Armero ilikuwa ndani ya eneo lililopakwa rangi. Waliojua walijua. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "ondokeni sasa" na wa kumwamini.

Watu wa Goma wanaijua habari hiyo kwa namna yao. Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wao, ulipofunguka jioni ya tarehe 22 Mei 2021 hakukuwa na tahadhari rasmi. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilikuwa kimepitia miezi mingi ya uhaba wa fedha, kiasi cha kushindwa kufanya vipimo vyake ipasavyo. Wengi waliangalia tu angani, wakaona wekundu, wakabeba walichoweza. Siku tano baadaye, lava ikiwa imekwisha simama nje kidogo ya mji, serikali ikaamuru sehemu ya mji ihame, kwa hofu kwamba moto ulikuwa unatembea chini ya ardhi kuelekea Ziwa Kivu. Mlipuko wa pili haukuja. Ukitaka kumwelewa Paul Dreyfus, muulize mtu wa Goma kama ataondoka haraka safari ijayo. Jioni ile jibu lilikuwa ndiyo kwa wengine na hapana kwa wengine, na walibishana kwa sauti mpaka kijana wa maikrofoni akawaomba wapunguze.

Onyesho ninaloliona bora kuliko yote katika filamu ni la bomba la maji. Ni usiku, nyumbani kwa Rachel. Mtoto anataka maji ya kunywa, bomba linafunguliwa, na yanayotoka ni ya kahawia, yananuka kiberiti. Hakuna muziki wa kutisha unaohitajika. Mlima umefika jikoni, ndani ya glasi ya mtoto. Pale pale kibandani mama mmoja akasema "eeh, eeh," kama mtu anayesikia jina la ndugu yake likitajwa redioni. Filamu ya majanga ikikuonyesha jengo likianguka, unaliona kwa jicho tu. Ikikuonyesha bomba la nyumbani limeharibika, mkono wako mwenyewe unasita.

Halafu mlima unalipuka, na kicheko kikaanza.

Hapa inabidi nieleze jambo la kisayansi, kwa sababu kicheko hicho hakikuwa kile ninachokifahamu. Wataalamu wanailaumu Dante's Peak kwa lava yake. Milima ya Cascade hutoa lava nzito, yenye silika nyingi (madini yanayoifanya lava iwe nzito), zaidi ya asilimia 60 kwa ile iliyotoka mlima St. Helens wa safu hiyo mwaka 1980. Lava kama hiyo haikimbii. Inasukumana polepole kama uji uliopoa, au inaziba koo la mlima mpaka mlima upasuke kwa kishindo, majivu na wingu la moto. Filamu imechukua mlima wa kupasuka ikaubandikia lava nyepesi ya kutiririka, kwa sababu lava nyekundu inapendeza machoni. Ni kosa la wazi.

Lakini ukilihamisha kosa hilo hadi Virunga, safu ya volkano ya huku kwetu na Goma, linakuwa pungufu ya ukweli. Lava ya Nyiragongo ni miongoni mwa zile nyepesi kabisa duniani, silika yake ni takriban asilimia 40. Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilimwagika lote kwa muda usiozidi saa moja hivi kupitia nyufa za mlima, likawakuta watu vijijini. Kwa hiyo lava ilipoingia taratibu katika nyumba ya bibi Ruth, ikipasua ukuta, huku familia ikipata muda wa kupiga kelele, kukumbatiana na kutoka kwa mlango wa pili, kijana mmoja akasema, "Kwetu lava haingojake mtu." Wanasayansi wanasema lava ya filamu ni nyepesi mno. Kibanda kizima kilikuwa kinalalamika kwamba inachelewa.

Kilele cha kicheko kilikuwa gari. Harry analipitisha gari juu ya lava, matairi yanawaka, linakwama kidogo, linajikwamua, na njiani mbwa wa familia, aliyekuwa amepotea, anaruka ndani akiwa mzima. Mzee aliyesema habari ya wakubwa alisimama kabisa kwenye benchi. Alieleza, mara hii kwa sauti ya kila mtu, kwamba mwaka 2002, Nyiragongo ulipolipuka, alivuka lava siku kadhaa baada ya kusimama, ikiwa tayari nyeusi juu, na ndala zake zililainika miguuni. Sasa matairi!

Nisingeipiga filamu hii sana kwa makosa ya namna hiyo. Sinema ina haki ya gari lake. Kasoro kubwa iko mahali pengine, na filamu nyingi sana za majanga zinayo: janga linajua nani ni nani. Rubani wa helikopta anayetaka fedha nyingi kwa kila abiria ili awatoe mjini, anaanguka na kufa dakika chache baadaye kwa majivu. Paul, aliyezuia tahadhari, anasombwa na daraja tope likishuka, wenzake wote wakiwa wamevuka salama na wakimtazama. Bibi Ruth, aliyekataa kuondoka na hivyo akasababisha wajukuu wapande mlimani kumfuata, anaruka ndani ya ziwa lililogeuka tindikali ili kuisukuma mashua yenye familia, anaungua miguu na kufa, madhambi yake yamelipwa. Wapenzi wawili wa chemchemi mwanzoni walikuwa wanaoga uchi. Mwenye kujua sheria za Hollywood alikwisha waaga. Mbwa, asiye na hatia, anaishi.

Mlima unageuzwa hakimu. Kwa mtazamaji aliyekaa salama hilo linaburudisha, linaacha hisia kwamba hesabu zimekaa sawa. Kwa mtu aliyepoteza ndugu, ujumbe wake ni mbaya, kwa sababu unamuuliza bila kutamka: wako alikosa nini? Mama wa "eeh, eeh" alilisema vizuri kuliko mimi wakati Paul anazama. Alisema yule bwana angeachwa tu aishi, arudi kazini kesho, aonane na watu uso kwa uso. Sijawahi kusikia pendekezo zuri zaidi la kuiandika upya filamu hii.

Kwa bibi Ruth nataka kukaa kidogo zaidi. Watengenezaji walikuwa na mfano halisi: Harry R. Truman, mzee wa miaka 83 aliyekuwa na nyumba ya wageni kando ya Spirit Lake, chini ya St. Helens. Alikataa katakata kuondoka, na tarehe 18 Mei 1980 akafunikwa, mmoja wa watu 57 waliokufa siku hiyo. Filamu imechukua ukaidi wake tu. Ruth anakataa kwa sababu ni mzee na anaupenda mlima. Basi.

Sisi Uganda tuna njia ya kujua kwamba kukataa kuondoka si tabia ya wazee wakorofi. Machi 2010 mlima Elgon uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, ukafunika soko na kituo cha afya chenye watu ndani. Serikali iliwahamishia manusura Kiryandongo, mbali, kwenye ardhi tambarare na kavu zaidi. Baadhi yao walirudi mlimani. Oktoba 2018 maporomoko mengine yaliua watu tena Bududa. Ukiwasikiliza wanaorudi, hawakuambii kwamba wanaupenda mlima. Wanakuambia habari za kahawa, ndizi, udongo mweusi unaozaa misimu miwili, makaburi ya baba zao, na shamba ambalo ukilipa kisogo mwaka mmoja jirani amekwisha sogeza mpaka. Hata hapa Kisoro, chini ya mlima Muhabura, watu wanalima kati ya marundo ya mawe ya volkano waliyoyaokota wenyewe shambani, na wanalima kwa sababu udongo uliozaliwa na moto huo unalipa. Filamu iliyotumia zaidi ya dola milioni 100 ingeweza kumpa bibi Ruth sentensi moja ya sababu. Badala yake ilimpa ziwa la tindikali linaloyeyusha mashua ya chuma ndani ya dakika chache. Maziwa yenye tindikali kali yapo kweli duniani, kama la Kawah Ijen huko Indonesia, ila hayageuki hivyo kwa asubuhi moja.

Kasoro ya pili inatokana na ya kwanza. Mji una maelfu ya watu, lakini moto ukianza tunabaki na watano na mbwa. Wengine wote tunawaona mara ya mwisho wakigongana magari wakitoka kwenye mkutano wa ukumbi wa shule, ambao mtetemeko uliuvunja kabla tangazo halijamalizika. Kisha wingu la moto linafagia mji, familia inajificha ndani ya mgodi wa zamani, Harry anabanwa kwenye gari akiwa amevunjika mkono, na baada ya siku mbili wanachimbuliwa. Picha inapanda juu, tunaona mji umekuwa kijivu, majina yanaanza kupita.

Mwenye kibanda alikuwa ameshawasha taa, lakini watu hawakusimama. Walidhani kuna sehemu ya pili.

Nawaelewa. Kwa mtu wa Goma filamu iliishia mahali kisa kinapoanzia. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliukata mji katikati mpaka ziwani, ikala sehemu ya njia ya kurukia ndege, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Gisenyi, Rwanda. Baada ya siku chache tu wengi walikuwa wamerudi, mawe yakiwa bado ya moto, kwa sababu Gisenyi hakukuwa na chakula wala mahali pa kulala na mjini kulikuwa na mali ya kulinda. Kituo cha mafuta katikati ya mji kikalipuka, kikaua makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta. Unaona ilivyo? Vifo hivyo vilikuja baada ya lava kusimama, kwa moto wa petroli, si kwa mlima. Mwaka 2021 ilikuwa vilevile kwa sura nyingine: wapo waliokufa wakijaribu kuvuka lava iliyoonekana imepoa, na watoto wengi walipotezana na wazazi katika usiku wa kukimbia. "Batoto tulibatafuta siku tatu," mama yuleyule alimwambia kijana wa maikrofoni, kana kwamba yeye ndiye aliyeandika mwisho wa filamu.

Kuna pia mazuku, ile hewa nzito ya kaboni dioksidi inayokaa mabondeni kandokando ya Goma na kumuua mbuzi, na wakati mwingine mtoto, bila mlio wala moshi. Hapa naipa filamu alama yake: miti iliyokauka na wanyama waliokufa mwanzoni ni dalili ya gesi hiyohiyo, na watazamaji waliitambua kabla Harry hajaieleza. Tatizo ni kwamba ikishatumika kama dalili inasahauliwa, kwa sababu kifo kisichoonekana hakina picha.

Kwa upande wa picha zenyewe, filamu haijachuja kama nyingine za umri wake. Bwawa linalopasuka na daraja linalosombwa vilijengwa kwa mifano halisi, maji halisi, na uzito wake unaonekana hata kwenye flashi iliyonakiliwa mara kadhaa. Mchana unaogeuka usiku kwa majivu ulimfanya kila mtu avute pumzi. Lava iliyochorwa kwa kompyuta ndiyo iliyozeeka.

Kijana wa maikrofoni aliniuliza kama ni filamu nzuri au mbaya. Nilimjibu kwamba kwa saa moja ya kwanza ningeipeleka shule zote za Kisoro, na ningemkalisha mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, benchi la mbele akamtazame Paul Dreyfus mpaka amwonee huruma, ndipo aulizwe yeye angefanya nini. Ningeizima pale ukumbini, meya akiwa bado na karatasi mkononi na ardhi ikianza kutikisika. Kijana akasema nikifanya hivyo wateja watadai fedha zao warudishiwe, wamelipia moto. Alikuwa sahihi, na sioni njia ya kulitatua hilo.